Baba Asiyealikwa

Mchele ni mmoja, mapishi ni mbalimbali. Ndivyo wasemavyo watetezi wa filamu zitokanazo na riwaya, na kwa kiasi hicho hapana mwenye haki ya kuwapinga. Riwaya ni maneno, filamu ni picha na sauti. Anayekihamisha kisa kutoka huku kwenda kule hana budi apunguze, aongeze na apindue. Lakini mpishi akiumwaga mchele nje, akamwekea mgeni sahani tupu iliyonakshiwa kwa dhahabu, kisha akamtaka aisifu karamu, hayo hayawi tena mapishi. Hiyo ndiyo hoja inayostahiki kuzungumzwa juu ya filamu ya The Great Gatsby iliyoongozwa na Baz Luhrmann wa Australia na kutolewa mwezi wa Mei 2013. Filamu ambayo wengi, hasa vijana, wameijua kabla ya kukijua kitabu, na ambayo kwa baadhi yao imekuwa ndiyo kitabu chenyewe.

Kisa ni chepesi kusimulika. James Gatz, mtoto wa wakulima mafukara wa North Dakota, anajibadilisha jina na kuwa Jay Gatsby. Akiwa afisa kijana wa jeshi anampenda Daisy, binti wa watu wenye nafasi. Anakwenda vitani Ulaya, na arejeapo Daisy amekwisha kuolewa na Tom Buchanan, mwenye mali ya urithi. Gatsby anachuma utajiri wa haraka kwa magendo ya ulevi, katika zama ambazo Marekani ilikuwa imeipiga marufuku pombe. Ananunua jumba la kifalme huko Long Island, ng'ambo ya ghuba mkabala na nyumba ya Daisy. Na usiku kwa usiku anafanya karamu kwa matumaini kwamba iko siku bibi huyo ataingia mlangoni. Siku hiyo inafika, na mwisho wake ni msiba. Daisy, akiliendesha gari la Gatsby, anamgonga na kumwua Myrtle Wilson, hawara wa mumewe. Mume wa Myrtle anaaminishwa kwamba mkosa ni Gatsby; anamfuata, anampiga risasi bwawani, kisha anajiua. Nick Carraway, jirani wa Gatsby na jamaa wa Daisy, ambaye ndiye msimulizi, anabaki na kazi ya kumzika.

F. Scott Fitzgerald alikitoa kitabu hiki Aprili 1925, akiwa na umri wa miaka 28. Chapa ya kwanza ilikuwa nakala 20,000 na ushei. Ya pili, ya nakala 3,000, haikuwa imekwisha kuuzwa alipofariki Disemba 1940, huko Hollywood, alikokwenda kuandika miswada ya filamu kwa kutafuta riziki. Kilichokifufua kitabu hakikuwa soko. Katika Vita vya Pili vya Dunia nakala zipatazo 150,000 ziligawiwa askari wa Marekani bila ya malipo, na baada ya hapo wahakiki na walimu wakakirejea. Kitabu kilichoandikwa juu ya mali, basi, hakikumpa mali aliyekiandika. Na waliokuwa wa mwanzo kukisoma kwa wingi walikuwa vijana waliokuwa hawajui kama watarudi makwao.

Sinema, kwa upande wake, haikungoja kufufuka kwa kitabu. Filamu ya mwanzo, isiyo na sauti, ilitolewa 1926, na imepotea. Kilichosalia ni kipande kifupi kilichotengenezwa kuitangaza. Msomaji na alitafakari hilo: filamu yenyewe haipo, tangazo lake lipo. Ikafuata ya 1949, aliyoigiza Alan Ladd. Kisha ya 1974, iliyoongozwa na Jack Clayton kwa mswada wa Francis Ford Coppola, Robert Redford akiwa Gatsby na Mia Farrow akiwa Daisy. Hiyo ya 1974 ilipata tuzo mbili za Oscar, moja ya maleba na moja ya muziki. Ya 2013 nayo ikapata mbili, moja ya maleba na moja ya mandhari. Kwa miaka 40, basi, kila mara kitabu hiki kilipotiwa katika filamu kubwa, majaji wa Hollywood waliona mambo yale yale ya kutuzwa: nguo, nyumba, na ngoma. Si uigizaji, si mswada, si uongozaji. Wakosoaji wakali kabisa wa filamu hizo hawajapata kutoa hukumu iliyo kali kuliko hiyo ya wenye kuzisifu.

Filamu ya Luhrmann iligharimu zaidi ya dola milioni 100 na ikaingiza zaidi ya milioni 350. Long Island ilijengwa upya Sydney. Picha zilipigwa kwa namna ya kutazamwa kwa miwani maalumu, ili fataki na vibati vimrukie mtazamaji usoni. Miuccia Prada alishiriki katika nguo za wanawake, Brooks Brothers wakatoa suti za wanaume, Tiffany wakatoa vito. Jay-Z akasimamia muziki. Gatsby, aliyeigizwa na Leonardo DiCaprio, anapogeuka kuonesha uso wake kwa mara ya kwanza, muziki wa Gershwin unapaa, mbingu zinapasuka kwa fataki nyuma ya kichwa chake, na yeye anatabasamu akiwa na glasi mkononi. Katika kitabu, tukio hilo hilo ni la aibu ndogo: Nick amekaa mezani akizungumza na mtu asiyemjua, analalamika kwamba bado hajamwona mwenye nyumba, na mtu yule anamjibu kwamba mwenye nyumba ndiye yeye. Fitzgerald alitaka Gatsby apotee katika karamu yake mwenyewe. Luhrmann amemfanya ndiye jua lake.

Haki lazima itendeke. Yapo mambo ambayo filamu imeyapatia. DiCaprio, katika tukio la chai nyumbani kwa Nick, ameuonesha vyema woga wa mtu mzima aliyegeuka mtoto, chumba kimejaa maua kupita kiasi, nguo zimerowa mvua. Tukio la hoteli ya Plaza, siku ya joto kali, pale Tom na Gatsby wanapomgombania Daisy mbele ya macho yake, lina uzito wake. Mwongozaji anapolazimika kuwaweka watu wachache katika chumba kimoja na kuwaacha waseme, filamu inapumua. Kwa hiyo kosa si kukosa uwezo. Kosa ni uchaguzi, na uchaguzi unaulizika.

Tazama jinsi kitabu kinavyozieleza karamu. Katika sura ya tatu, kabla ya mgeni yeyote kutajwa jina, msomaji anaambiwa habari ya machungwa na malimau. Kila Ijumaa huletwa makasha matano kutoka New York. Kila Jumatatu maganda yake matupu hutolewa kwa mlango wa nyuma. Jikoni iko mashine iwezayo kukamua machungwa 200 kwa nusu saa, ilimradi mtumishi akibonyeze kidude kimoja kwa kidole gumba mara 200. Na Jumatatu hiyo hiyo watumishi wanane, akiwamo mtunza bustani wa ziada, huhangaika kutwa kwa brashi, nyundo na mikasi ya majani, wakiyatengeneza yaliyovunjwa usiku. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Fitzgerald anamwonesha msomaji chombo kikielea, na papo hapo anamwonesha kidole gumba cha aliyekiunda. Tena karamu yenyewe haiishii na dansi, inaishia mtaroni: gari la mgeni mmoja limechomoka gurudumu, na mlevi aliyemo hajatambua kuwa haliendi. Katika kurasa chache mwandishi ameitangaza ajali itakayokuja, naye hajatoka katika karamu.

Filamu inayo Ijumaa na Jumamosi. Jumatatu inapita mbio. Mtazamaji anatoka ukumbini akizikumbuka lulu, shampeni na mavazi, na amekwisha kukisahau kidole gumba.

Hata hivyo, hilo lingeweza kusameheka. Lisilosameheka ni la maziko.

Katika kitabu, baada ya Gatsby kuuawa, Nick anapiga simu huku na huko kutafuta wa kumzika. Daisy na Tom wamefunga mizigo na kuondoka bila ya kuacha anwani. Meyer Wolfsheim, mshirika wake wa biashara za gizani, anatoa udhuru. Klipspringer, aliyekuwa akiishi bure katika jumba lile kama mgeni asiyekwisha, anapiga simu, na Nick anadhani ni kwa ajili ya maziko. Kumbe anataka apelekewe viatu vyake vya tenisi alivyovisahau. Mamia waliokula na kunywa, ambao majina yao Nick alikuwa ameyaandika pembezoni mwa ratiba kuukuu ya treni, hakuna hata mmoja aliyetokea, ila yule mzee wa miwani mikubwa aliyewahi kustaajabu maktabani kwa kuona kwamba vitabu vya Gatsby vilikuwa vya kweli. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kwa msomaji wa visiwani, ambako mtu hulipokezana jeneza hata la asiyemjua na kutembea nalo hatua chache kwa kutafuta thawabu, sura hii inasomeka kwa uchungu maalumu.

Na hapo ndipo anapoingia baba. Henry Gatz, mzee dhalili aliyevaa koti refu la bei rahisi katika siku ya joto, amesoma habari ya kifo cha mwanawe katika gazeti la Chicago, akapanda treni kutoka Minnesota. Anamtolea Nick vitu viwili. Cha kwanza ni picha ya jumba, iliyochanika pembeni na kuchafuka kwa kushikwa na mikono mingi. Yumo ndani ya jumba lenyewe, lakini anamwonesha Nick picha ya jumba. Kwake yeye picha imekuwa na ukweli zaidi kuliko kuta. Cha pili ni kitabu cha hadithi cha utotoni, ambacho Jimmy wake alikuwa ameandika nyuma, mwaka 1906, ratiba ya siku yake na maazimio yake: saa ya kuamka, saa ya mazoezi, saa ya kusoma; aweke akiba ya dola tano kwa wiki, tano ikakatwa ikaandikwa tatu; na la mwisho kabisa, awe mwema zaidi kwa wazazi wake.

Mzee huyu hayumo katika filamu iliyooneshwa katika majumba ya sinema. Jeneza limewekwa ukumbini, limezungukwa na maua, waandishi wa habari wanapiga picha, na Nick yuko peke yake. Baba haji. Tena si kwamba alisahauliwa: tukio lake lilipigwa picha, likakatwa, na likaja kuonekana baadaye katika diski pamoja na mabaki mengine. Hata filamu ya 1974, iliyolaumiwa sana kwa ubaridi wake, ilimleta baba huyo, akaigizwa na Roberts Blossom. Filamu ya Luhrmann ina dakika 142. Ndani ya dakika 142 ilipatikana nafasi ya hospitali ya wenye matatizo ya akili, isiyokuwamo kitabuni, ambamo Nick anatibiwa ulevi na kushauriwa aandike. Nick yule yule ambaye katika kitabu anasema amelewa mara mbili tu maishani mwake. Ilipatikana nafasi ya herufi zinazoelea hewani kama theluji. Nafasi ya mzee mmoja mwenye picha iliyochakaa haikupatikana.

Mtetezi mwerevu atajibu kwamba kumwondoa baba kumezidisha upweke wa marehemu: asipokuja mtu yeyote, msiba ni mkubwa zaidi. Jibu hilo lina sura nzuri, lakini halisimami. Katika sura ya nne Gatsby anamwambia Nick kwamba yeye ni mtoto wa watu matajiri, na kwamba jamaa zake wote wamekwisha kufa. Huo ndio uongo wa msingi, ambao juu yake jumba lote limejengwa. Baba anapoingia mlangoni na koti lake la rahisi, uongo unaanguka bila ya mtu kuusuta. Unaangushwa na mtu anayempenda aliyeusema, na ambaye hajui kwamba amekanwa. Msomaji anatambua kwamba Gatsby hakuwa mpweke kwa sababu hakuwa na mtu. Alikuwa mpweke kwa sababu alikuwa na mtu akamficha, ingawa, kama mzee mwenyewe anavyosimulia kwa fahari, miaka miwili nyuma alikwenda kumwona na kumnunulia nyumba. Filamu inapomzuia mzee huyu mlangoni inamalizia kazi ambayo Gatsby mwenyewe hakuweza kuimaliza: inamfanya kweli kuwa mtu asiye na asili. Imemsaidia marehemu kusema uongo wake mpaka kaburini.

Mtetezi wa pili atasema kwamba sinema ya watu wengi haivumilii mambo ya namna hii. Watu wanalipa kiingilio ili waone fahari, si wazee. Huyu anajibiwa na filamu yenyewe, kwa sababu ndani yake yumo shahidi. Wolfsheim ameigizwa na Amitabh Bachchan, na hapana haja ya kumtambulisha kwa watu wa mwambao, ambako vizazi vimekulia katika majumba ya sinema yaliyoonesha filamu za Kihindi. Mwaka 1975 Amitabh aliigiza katika Deewaar, ya Yash Chopra, kisa ambacho ni ndugu wa Gatsby: kijana fukara wa bandarini Bombay anaingia katika magendo, anatajirika, anavaa suti, anataka mali imfutie aibu ya utotoni. Naye pia ananunua jumba. Lakini jumba lile analinunua kwa ajili ya mama yake, kwa kuwa mama huyo alikuwa kibarua aliyebeba matofali lilipokuwa likijengwa. Na mama, alipojua mali imetoka wapi, anaikataa na kuondoka. Mwana anakuja kufa mikononi mwake. Deewaar ni filamu ya biashara, ina nyimbo, ina ngumi, ilijaza kumbi. Haikuona haja ya kumficha mzazi ili fahari ing'ae. Kinyume chake, mzazi ndiye mizani ambayo kwayo fahari inapimwa. Luhrmann alikwenda Bombay kumchukua mwigizaji, akaliacha somo.

Wala fasihi ya pwani haikungoja Hollywood ili kujua namna ya kulieleza jumba la tajiri. Yapata miaka 200 iliyopita Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi juu ya fahari ya Pate. Hakuwa mshairi mwenye kuona haya ya anasa. Taa, vyombo, vitanda na kumbi zao amezitaja kwa ladha ya mtu azijuaye. Lakini anamwingiza msikilizaji mlangoni taa zikiwa zimekwisha kuzimika, popo wameshika nafasi ya wageni. Uzuri unaelezwa kwa ukamilifu, na kila sifa inazidisha hasara. Fauka ya hayo, mtunzi hasemi na wengine. Anausuta moyo wake mwenyewe. Nick wa kitabu yumo katika njia hiyo hiyo: anavutwa na anachukizwa, na hesabu anajifanyia yeye mwenyewe. Ni dhahiri, basi, kwamba wasemao kuwa anasa haiwezi kuoneshwa bila ya mwenye kuionesha kutekwa nayo, hawasemi kweli. Inawezekana. Yataka mtu anayeikumbuka Jumatatu.

Kilichofuata baada ya filamu kinathibitisha yaliyotangulia. Brooks Brothers waliuza mavazi yenye jina la Gatsby. Tiffany waliuza vito vilivyonasibishwa na zama zile. Na hadi leo, katika miji mingi ya dunia, watu wenye uwezo hufanya karamu wanazoziita za Gatsby, za manyoya, lulu za bandia na minara ya glasi, kwa siku za kuzaliwa na mkesha wa mwaka mpya, pasipo mmoja kuuliza mwenye jina aliishia wapi na nani alimzika. Kitabu kilichowashitaki waliokula na kukimbia kimegeuzwa mwaliko wa kula. Kosa hilo si la filamu peke yake. Lakini filamu iliyong'oa ushahidi haiwezi kudai kwamba haihusiki na hukumu.

Tangu tarehe 1 Januari 2021 haki ya kunakili ya kitabu hiki imekwisha Marekani, na yeyote atakaye anaweza kukifanyia filamu huko bila ya kumwomba mtu ruhusa. Bila shaka zitakuja nyingine, na jumba litajengwa tena, pengine kubwa zaidi. Atakayelijenga hahitaji ushauri juu ya fataki; mafundi wapo. Anachohitaji ni bei ndogo kabisa katika bajeti yake: koti moja la rahisi, picha moja iliyochakaa kwa kushikwa, na mzee mmoja wa kuishika. Amwanze huyo. Akishampata mahali pa kusimama, ndipo aagize machungwa.